Sauti Kwanza

Mimi ndiye niliyeiandika ile sheria.
Mistari kumi na mmoja, Oulu, ghorofa ya nne,
kahawa imeshapoa kando ya kibodi:
njia ikisongamana, okoa sauti;
picha na isubiri.
Nani angebisha? Mtu akiganda mdomo wazi kiooni
bado unamsikia akisema mkate umeungua.
Wakubwa wakasoma, wakatia sahihi,
nami nikalala usingizi wa mtu asiyedaiwa.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake,
nami nilikuwa nimetandika vya watu laki tatu.

Ikaja barua. Ya karatasi. Kutoka Inari,
mwandiko umelala upande kama nyasi za kinamasi:
*Bwana Karhula,
mjukuu wangu Hilla yuko Turku, anasomea ukunga.
Kila Jumapili tunaonana kwa mtambo wenu.
Mimi ni kiziwi tangu homa ya utotoni,
naye lugha yangu aliijua kabla ya kutembea.
Upepo ukivuma huku, mtambo unamgandisha
mkono ukiwa hewani, katikati ya neno,
kisha unanitunzia sauti.
Sauti ya nini, Bwana Karhula?*

Nikaisoma nimesimama.
Nikaisoma tena nimekaa.

Mwezi wa pili nikapanda basi la kaskazini,
saa saba za misonobari iliyoinamia theluji yake,
na mara moja dereva akasimama kuwapisha
kulungu wa barafu, kumi hivi, wasio na haraka.
Aune Saijets alinifungulia mlango kabla sijabisha:
sakafu ya mbao ilimpa habari za hatua zangu.
Akanimiminia kahawa, akatumbukiza ndani yake
kipande cha jibini, bila kuniuliza.
Nikainywa.

Nikamfungulia ule ukurasa
niliokuwa nimeuzika chini ya menyu tatu
ili wasiufikie ila mafundi:
vitelezi vinne, sauti, rangi, ukubwa, mwendo,
na chini yake mstari mwekundu unaosema
bomba lako leo ni hili, halizidi; gawa.
Nilikuwa nimeandaa maelezo. Kurasa mbili.
Hakuyangoja.

Sauti akaivuta hadi sufuri,
kama mtu anayezima taa ya chumba asichokikaa.
Rangi, sufuri.
Ukubwa akaupunguza, akaupunguza,
mpaka Hilla akawa stempu ya kijivu pembeni mwa kioo,
pua haionekani, madirisha ya Turku yamepotea,
na vyote alivyonyang'anya huko
akavimwaga kwenye mwendo.

Vidole vikatembea.

Nje upepo uliung'ang'ania mlingoti wa simu.
Mimi, kwa mazoea, nilikuwa nikihesabu vipande vya data
vilivyokuwa vikidondoka njiani. Vilikuwa vingi.
Wao hawakuona pengo.
Sijui walisemezana nini. Nililitambua neno moja tu,
ngumi ndogo ikigonga kiganja, mara mbili, mara tatu,
na Aune akacheka kwa sauti,
kicheko kipana kisichojua kwamba kinasikika.

Jirani yake Oiva, mpiga kodiani, akaja kuazima msumeno,
akatazama juu ya mabega yetu, akakuna shingo.
"Kwangu," akasema, "uvute kinyume.
Picha ife yote. Mwanafunzi wangu namjua sura.
Niachie zile noti za chini, zinakatika kila mara."
Nikamwandikia kwenye kiganja menyu za kupitia.

Jioni, jua lilipokwisha kuonja upeo na kuondoka,
Aune akavuta daftari, akaandika swali,
akalisukuma upande wangu wa meza:

*Kabla ya leo, nani alikuwa akinichagulia?*

Theluji ya buti zangu ilikuwa imeyeyuka,
imefanya kidimbwi juu ya zulia lake.
Nikainuka kutafuta kitambaa.